Shikamoo Barabarani

Nina daftari moja ambalo kurasa zake zimeshikana, kwa sababu nililisahau mfukoni mwa aproni na aproni ikaingia majini pamoja na mashuka ya wageni. Kwa hiyo haya ninayoandika, mengine nimeyasoma humo kwa kubandua karatasi polepole, na mengine nimeyakumbuka tu. Pale ambapo sina hakika nitasema. Mimi shule niliishia darasa la saba. Sijui kama mtu wa darasa la saba ana ruhusa ya kuandika habari zake, lakini mpaka sasa hakuna aliyekuja kunizuia.

Habari yenyewe ni ya lori.

Nilizaliwa Samburu, hii yetu ya njia ya Mombasa kwenda Nairobi, katika nyumba ya watu wa mbuzi. Kazi yangu utotoni ilikuwa kuwavusha mbuzi barabara. Siku moja waligoma katikati ya lami. Walisimama pale kama watu wanaosubiri kuandikwa majina, na lori kubwa likaja, likafunga breki mpaka nikasikia harufu ya magurudumu. Nilijua nitatukanwa mimi na mbuzi na aliyetuzaa. Dereva akachungulia dirishani, kule juu, juu kuliko paa la nyumba yetu, akaniambia, "Usiharakishe, bosi. Wavushe tu."

Bosi! Nilikuwa na miaka tisa, au kumi, na sikuwa na viatu.

Tangu siku hiyo nilitaka kukaa pale juu. Shangazi yangu alidhani nataka kuolewa na dereva wa lori, akaanza kunionya habari zao. Nisingeweza kumweleza. Dereva mwenyewe sikumtaka, nilitaka kiti chake. Baba nilipomwambia alicheka mpaka akashika ubavu. "Mbuzi wanakushinda, lori utaliweza?" Na nisimsingizie marehemu, alikuwa na hoja. Mbuzi walikuwa wananishinda kweli.

Miaka ikaenda. Niliolewa Msambweni, nikazaa, nikapata kazi ya kufua katika nyumba za wageni huko Diani. Ile hamu nilikaa nayo kama mtu anavyokaa na jino bovu. Watu hawalioni, nawe unakula na kucheka vizuri, lakini kila ukinywa kitu baridi unalikumbuka. Kitu baridi changu kilikuwa malori ya mchanga. Likipita moja nilipo njiani kwenda kazini, basi nusu saa nzima mguu wangu wa kushoto unakanyaga klachi ambayo haipo.

Kitinda mimba wetu alipomaliza shule nilimwambia mume wangu. Ilikuwa Ijumaa mchana, tunakula wali kwa samaki.

"Nataka kuendesha lori," nikasema.

Akatoa mwiba mdomoni. "La nani?"

"Lolote."

Akafikiri. Yeye ni mpishi wa hoteli, amezoea watu wazima kuagiza vitu vya ajabu na haonyeshi mshangao. "Basi si uanze na leseni," akasema, akaendelea na samaki wake. Watu wakisikia habari yangu huuliza kama mume alinikataza. Hakunikataza. Wala hakuamini. Yote mawili ni kweli na lazima niyaandike yote mawili.

Chuo cha udereva nilichokwenda kiko Ukunda, na mwalimu ni mtu wa bara, mwenye tumbo linalogusa usukani hata akikaa kiti cha abiria. Hilo la usukani nimetia chumvi. Siku ya kwanza alinitazama, akatazama baibui langu, akatazama tena fomu.

"Mathe," ndivyo wa bara wanavyomwita mama, "umekuja kuandikisha kijana wako?"

"Nimekuja kujiandikisha."

"Gari dogo?"

"Lori."

"Haiya!" Akavuta kiti. "Lori utalipata, mathe, lakini hapa kwetu tunaanza na dogo. Ukipita dogo, tunaongea mambo ya lori. Na kabla ya dogo, kuna bodi."

Bodi ni meza iliyochorwa mji: barabara, mizunguko, mistari, na juu yake vigari vya kuchezea. Unakishika kigari kwa vidole unakipeleka, huku unaeleza kwa nini umepita hapa na si pale. Wiki ya kwanza yote niliendesha kwa vidole. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mstari wa kuanikia nguo tu, alipata habari hizo akafurahi kuliko mtu aliyeletewa pilau.

"Dereva wa kidole! Umefika salama? Umeegesha wapi, juu ya sahani?"

"Cheka. Siku nikikupita na lori utakula vumbi."

"Vumbi la nini, la bodi? Nitapiga chafya tu!"

Basi ndivyo tulivyo. Nampenda wifi yangu, ila ulimi wake ungekuwa gari usingekuwa na breki.

Watu husema ndoto kubwa humfanya mtu ajione mkubwa. Yangu ilinifanya nijione mdogo kila siku, kwa ratiba. Nilizima gari mbele ya soko. Niliingia mtaroni, mtaro usio na maji, nashukuru. Nilimsihi mwalimu aniombee dua, na yeye ni Mkristo, akaniombea vilevile. "Mathe, klachi si yai, huwezi kuivunja! Iachilie, lakini polepole kama unatoka chumba mtoto amelala." Hapo nikaelewa. Watoto wanne nimewalaza. Tangu siku hiyo gari halikuzima tena, au lilizima mara mbili tu.

Sasa lazima nieleze desturi ya nyumba niliyoolewa, la sivyo mtakaposoma mbele mtanidhania mwendawazimu. Sisemi ni desturi ya Wadigo wote, maana sijaingia kila nyumba. Nasema ya nyumba ile. Mkaza mwana akikutana na baba mkwe njiani, hapiti. Husimama, hukunja magoti kidogo kichwa kikiwa chini ya kichwa cha mzee, husema shikamoo, husubiri marahaba, huulizwa habari, hujibu, ndipo huenda. Kumsalimia ukiwa umekaa mahali palipoinuka kuliko yeye ni kama kumsalimia kwa mguu. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Siifanyi kwa kichwa tena, magoti yenyewe yanajua.

Baba mkwe wangu ni mzee mrefu, mpole, mwenye kofia iliyonyooka na maneno machache. Juu ya habari ya lori hakuwahi kusema kitu, si kizuri wala kibaya. Ukimya wake ulinitia hofu kuliko kicheko cha marehemu baba. Nilijisemea, anaona aibu. Mkaza mwana wake atakaa juu na yeye apite chini. Hakuniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe, lakini niliamini kabisa.

Mtihani wa barabarani ungeweza kupangwa popote. Niliomba uwe Kwale mjini, au hata Kinango, mahali ambapo sijuani na mtu. Ukapangwa Msambweni.

Bodi nilipita. Mtahini alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri sana. Mimi ni mfuaji, huyaona hayo kwanza. Akaniambia niingie garini. Watahiniwa wenzangu wawili walikaa nyuma wakisubiri zamu zao, kimya kama watu wa matanga. Nikafunga mkanda. Nikatazama vioo. Nikaondoka kama mtu anayetoka chumba mtoto amelala. Nilienda vizuri, naapa nilienda vizuri, na mtahini akaandika kitu kwenye karatasi bila kukunja uso.

Kisha mbele yangu, upande wa kushoto, nikaiona kofia.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba niliwasha indiketa, nikatazama kioo, nikapunguza mwendo, nikasogea kando, nikasimama, nikavuta handibreki, nikatoa gia. Nilifungua mlango, nikazunguka gari kwa mbele, nikakunja magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Na yule aliyekuwa akiumwa jino?"

"Limeng'oka, baba, Alhamdulillahi."

Mzee akainama akatazama ndani ya gari. "Na huyu mgeni wetu, hajambo?"

Mtahini alikuwa amekaa na kalamu hewani. Na hapa nimpe haki yake: alishusha kioo, akasema, "Shikamoo mzee," kwa adabu kamili. Wale wawili wa nyuma nao wakasema shikamoo, mmoja baada ya mwingine. Mzee akaitikia zote, akamwuliza mtahini anatoka wapi na kama huko mvua imenyesha, akamkaribisha chai. Mtahini akasema ana kazi kidogo. Nyuma yetu kulikuwa na basi linapiga honi, na mimi bado sikuwa nimeelewa nilichofanya. Nilielewa niliporudi kwenye usukani na mkono ukagusa handibreki. Ilikuwa ya baridi.

Tulipomaliza mtahini akaniambia, "Mama, ulivyosimama, sijaona mtu aliyesimama vizuri hivyo mwaka huu. Kioo, indiketa, kila kitu. Lakini ulimwacha mtahini ndani ya gari ukaenda kusalimia. Siwezi kukupitisha."

Nikasema, "Ni haki, bwana." Nilikuwa nalia, lakini nilisema.

Jioni ile wifi yangu hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuja na bakuli la mbaazi, akakaa, akanong'ona, "Mzee alijipitisha makusudi. Hataki uendeshe."

"Usimsingizie babako. Alikuwa anaenda kununua betri za redio. Nilimwona nazo."

"Betri angemtuma mtu!"

"Kila siku huenda mwenyewe."

Nilimtetea, na usiku wote sikujua kama naamini ninachotetea. Huo ndio ukweli.

Niliacha chuo. Daftari linasema wiki tatu, lakini ukurasa huo ndio ulioloa vibaya, huenda zilikuwa nne. Niliandika: labda Mungu amenionyesha. Niliandika pia: nani aliniambia mimi bosi? Nikafua. Nilifua hata mapazia ambayo hakuna mtu aliyesema ni machafu. Na kitu kimoja kikanishangaza ambacho sikukitarajia. Njia ya kutoka Msambweni mpaka Diani ikawa ndefu. Zamani nilikuwa nikimtazama kila dereva: huyu amechelewa kubadilisha gia, huyu amesahau kioo, yule kona ameikata vizuri. Safari ilikuwa darasa. Sasa ilikuwa miti tu. Malori ya mchanga yakipita, mguu wangu wa kushoto ulikaa kimya, na kimya kile sikukipenda. Nilikuwa nimelizoea jino langu. Limeng'oka, na ulimi unazunguka pale palipokuwa tundu.

Siwezi kusema mambo makubwa juu ya ndoto na thamani yake. Wapo waliosoma. Nasema tu kwamba kabla sijalipata, lori lilikuwa tayari linanipa kitu kila asubuhi, na nilikijua siku kilipokosekana.

Ndipo wifi akaja tena, mbio, kanga imemwanguka begani.

"Mzee ameniita. Ana maneno yako."

Mambo ya namna hii baba mkwe hamwambii mkaza mwana uso kwa uso. Hupitisha kwa binti.

"Amesemaje?"

"Ameuliza kwa nini hakuoni ukienda Ukunda. Nikamwambia, 'Alifeli kwa sababu yako, baba.'"

"Umemwambia hivyo?"

"Si ndiyo? Akanyamaza. Unamjua akinyamaza, unaweza kupika maharage yakaiva. Halafu akaniuliza, 'Mwanamke akiwa na mtungi wa maji kichwani, akakutana na mkwewe, hupiga magoti?'"

Nikafikiri. "Hapigi. Maji yatamwagika."

"Basi. Husimama?"

"Hasimami pia. Shingo itamuuma. Husalimia huku anakwenda."

"Na amemvunjia mzee heshima?"

"Hapana."

Wifi akapiga makofi. "Ndivyo alivyosema! 'Mwambie mke wa mwanangu, aliyeshika usukani ana mtungi kichwani. Tena maji yenyewe ni roho za watu. Asimwage kwa ajili yangu.'"

Nilikaa chini palepale kwenye beseni la nguo, ambalo lilikuwa na nguo na maji.

Nitakuwa mkweli: sikukubali mara moja. Nilijiuliza kama ni halali mtu kunufaika na hukumu iliyotolewa kwa ajili yake. Nilimwuliza mume wangu. Akasema, "Mzee akishasema mtungi, ni mtungi," akaniuliza mbona nimelowa. Niliwaza pia hivi: mtu niliyemdhania ndiye ukuta wangu, kumbe kwa siku zote zile alikuwa amekaa anatafuta mlango. Nilimwomba radhi moyoni. Kwa mdomo sikuweza, desturi hairuhusu, na pengine pia niliona haya.

Nikarudi Ukunda. Mwalimu aliponiona alisimama. "Mathe wa salamu! Hiyo hadithi yako ninaifundisha siku hizi." Sikujua nifurahi au nikasirike. Nilifanya yote mawili kidogo kidogo.

Mtihani wa pili ukapangwa Msambweni tena, na mtahini ni yuleyule, shati ni lingine, limepigwa pasi vizuri vilevile. Akafunga mkanda, akaniuliza, "Mama, leo kuna mkwe njiani?"

"Ninaye mmoja tu, bwana. Lakini hutembea."

Niliondoka. Na baada ya kona ya kwanza nikaona maajabu. Mama muuza viazi vya karai, ambaye kwa kawaida husalimia mpaka nzi, alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria mbele ya uso wake. Fundi cherehani amegeuza kiti, anashonea ukutani. Wanawake wawili wa chama chetu cha kuchangishana pesa walikuwa wanatazama juu ya mnazi kama wanaosubiri nazi ianguke. Hakuna aliyepunga mkono. Wifi yangu alikuwa ameupita mtaa wote mapema kutoa tangazo kwamba atakayenisalimia atanilipia mtihani wa tatu. Nilitamani kucheka, na nilitamani kulia, na nilikuwa gia ya pili.

Kisha kushoto, palepale, nikaiona kofia.

Alikuwa anatembea kuja upande wangu. Akaliona gari. Akasimama. Na yule mzee mrefu, asiyewahi kumpa mtu kisogo katika maisha yake, akageuka polepole akaupa ua wa makuti uso wake. Alisimama anautazama ua ule kama anasoma gazeti. Mikono ameifunga nyuma, na kiganja kimoja, nilikiona wazi, kinapunga kidogo kidogo, kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka kuwashtua. Pita. Pita.

Magoti yangu yakaanza kukunjika yenyewe. Goti la kulia lilikuwa linatafuta breki. Nilishika usukani kama ninavyoshika mtungi, shingo wima, nikasema, kwa sauti ndogo sana, vioo vyote vimefungwa:

"Shikamoo baba."

"Unasemaje?" akauliza mtahini.

"Ninasalimia, bwana. Huku ninakwenda."

Akatazama dirishani, akauona mgongo wa mzee, akaandika kitu. "Endelea," akasema.

Mtihani haukuwa safi wote. Indiketa niliisahau baada ya kona ya pili, ikaendelea kupiga kope mpaka mwisho wa barabara, na mtahini akanikata alama kwa hilo, na alikuwa sahihi. Kurudi nyuma niligusa jiwe. Lakini tuliposimama, alikunja karatasi akasema, "Umepita, mama. Leo hukumwaga." Sikuwa nimemwambia habari ya mtungi. Nadhani wifi yangu alifika mpaka kwake. Sina ushahidi.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mkwe kwa miguu. Alikuwa barazani na redio yake. Nikakunja magoti mpaka chini kabisa, chini kuliko kawaida, labda nilizidisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akazungusha kitufe cha redio, akapunguza sauti.

"Na ile ya barabarani," akasema, "marahaba vilevile."

Vioo vilikuwa vimefungwa na yeye alikuwa ametazama ua. Sikumwuliza alijuaje. Nilitazama chini, kwenye sakafu, na sakafu ikawa na maji maji machoni mwangu.

"Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Hilo lori," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitaja, "kiti chake kiko juu kiasi gani?"

"Juu kuliko paa hili, baba."

Akalitazama paa, kwa muda mrefu, kama fundi aliyeitwa kulipima. Maharage yangeiva.

"Huko juu mimi masikio yangu hayatafika," akasema. "Basi piga honi. Moja. Fupi. Usiamshe mtaa."

Jumatatu ninaanza mafunzo ya lori. Naogopa, na mwalimu anasema breki zake si kama za dogo, na huenda nikafeli tena mara nyingi, siwezi kuahidi. Ila nimenunua daftari jipya, nimeliweka mbali na beseni, na ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa nisije nikasahau: honi moja, fupi.